Mikono ya Kunuswa

Machi 4

Mananasi yameanza kuingia. Kiwanda kimelala kiangazi chote, na leo kimeamka na kelele zake zilezile: mkanda unalia, boila inatema mvuke, na sisi tumepangwa getini kama vyombo vinavyosubiri kuoshwa. Nimekuja na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu. Ni mara yake ya kwanza kutoka nyumbani. Njia nzima amelalamika: kiti kigumu, vumbi, mtu wa mbele kavua viatu.

Tumepata chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Bati juu, simenti chini, dirisha moja linaloangalia ukuta. Shemeji alisimama mlangoni akauliza, "Hiki ndicho ulichokuwa unakiita nyumba kwenye simu?"

Nikamwambia hicho ndicho.

Mke wangu hakusema mengi wakati tunaondoka. Alisema tu, "Huyo nimekupa mkononi."

Machi 5

Nimemweka shemeji ubavuni mwangu kwenye mkanda nimfundishe. Mashine humenya ganda, lakini yale macho meusi ya nanasi hubaki, na kazi yetu ni kuyatoa kwa kisu kifupi kabla tunda halijakatwa visahani. Maji ya nanasi hula mikono, glavu zenyewe hutoboka. Msimu uliopita niliporudi nyumbani, simu yangu ilikataa kidole changu, maana michoro yote ilikuwa imefutika. Watoto walicheka mpaka wakakohoa. Shemeji aliposikia hayo akaitazama mikono yake kama mtu anayeiaga.

Machi 6

Leo hatukugusa nanasi mpaka karibu na mchana. Mnunuzi wa nje alilalamika mwaka jana kwamba makopo yetu hayakuwa safi, kwa hiyo mwaka huu tumeletewa sabuni ya dawa. Imekuja kwenye madumu, ina rangi ya waridi na harufu ya zahanati. Na imekuja na bwana wake, kijana wa shati jeupe aliyetumwa kutufundisha.

Alisema vizuri, sitamsingizia. Alisema: lowesha mikono kwanza. Bonyeza dawa kidogo tu. Sugua, kisha suuza kwa maji mengi mpaka utelezi wote uishe, kausha, ndipo uvae glavu. Isiingie machoni wala masikioni. Penye kidonda usiitie. Halafu akasema kwamba kabla ya hayo yote kuna jambo kubwa zaidi.

"Kuna watu wachache ambao dawa hii haipatani nao kabisa," alisema. "Kama kuna mtu aliwahi kusafishwa kidonda kwa dawa ya namna hii akawashwa, akavimba, au akabanwa na pumzi, anyooshe mkono sasa hivi. Asione haya. Hiyo si sabuni ya kwake."

Watu walikuwa wanagombania mabuti yaliyokuwa yanagawiwa upande wa pili, kila mtu anatafuta yasiyovuja. Aliyenyoosha mkono ni mmoja, mama mnene wa kitengo cha lebo. "Mimi hunitoa vipele," akasema. Bwana wa sabuni akamshukuru. Nyapara akamtazama.

Hapo nikaona kiwiko cha shemeji kinapanda. Nikamkanyaga. Nilikuwa nimekwisha vaa mabuti, yeye bado ana kandambili.

Chumbani alinionyesha kidole cha mguu kilivyovimba. "Shemeji, umenivunja."

"Nimekuokoa," nikamwambia. "Ulitaka kusema nini?"

Akasema alipokuwa mdogo alianguka kutoka darini akachanika kidevu. Muuguzi alipompangusa kwa dawa ya rangi hii hii kabla ya kumshona, midomo ilimvimba kama ameumwa na nyuki, na mama yake alilia akidhani anakufa.

"Ulikuwa mtoto," nikasema. "Watoto huvimba kwa kila kitu."

Machi 7

Yule mama wa lebo hakuitwa kazini. Nyapara alimwambia getini, "Pumzika kwanza, mama, tutakuita." Alikuwa amekwisha vaa aproni yake. Nikamwangalia shemeji. Akaangalia chini. Ameelewa sasa kwa nini nilimkanyaga, na nadhani amenisamehe kidole.

Machi 11

Nyapara wetu anatoka upande wa kwetu. Tunamwita Mjomba, kwa sababu kila mtu kwake ni mpwa, hata waliomzidi umri. Ndiye aliyeniingiza hapa misimu mitatu iliyopita na ndiye aliyemwandika shemeji. Akipita kwenye mkanda anakugusa bega. Najua watu hapa wanaomsema vibaya, lakini mtu anayekugusa bega ukiwa mbali na kwenu si haba.

Machi 13

Watu walikuwa wanaidanganya sabuni. Wanapitisha mikono kwenye maji matupu, wanaingia. Mjomba akakasirika, akamweka mama mmoja mlangoni kati ya bafu na ukumbi wa kazi. Kazi yake ni kunusa. Unafika, unamnyooshea mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha, anainama, ananusa. Ikinuka dawa, pita. Isiponuka, rudi foleni, na ukichelewa mkandani, hiyo siku si yako.

Tumempa jina. Tunamwita Pua. Ni mwembamba, hacheki, hajui salamu.

Machi 14

Nilisuuza mikono kama tulivyofundishwa, mpaka utelezi wote ukaisha. Pua akanirudisha. "Hainuki," akasema.

"Nimenawa, mama. Nimesuuza tu."

"Mimi nanusa, sisikilizi hadithi."

Nikarudi. Nikabonyeza mara tatu, nikasugua, sikusuuza. Nikapita.

Machi 15

Sasa hakuna anayesuuza. Unapaka, unaacha ikaukie mwilini, unavaa glavu juu yake. Ndani ya glavu kuna joto na jasho, dawa inachemka humo na mikono kutwa nzima. Wengine wanajipaka mpaka kwenye kiwiko wawe na uhakika. Tunayemwita Kobe, anayesimama upande wangu wa pili, anasema ikichoma ndiyo inafanya kazi. "Dawa isiyouma ni maji," anasema. Kila mtu kaafiki. Na mimi nimeafiki.

Machi 18

Mvua.

Machi 19

Mvua. Mananasi yanakuja na tope. Shemeji anajikuna.

Machi 22

Shemeji ana wekundu kuanzia kwenye vifundo vya mikono kupanda juu, umekatika pale pale glavu zinapoishia, kama bangili. Mimi mwenyewe ngozi imenikauka na inapasuka kwenye maungio ya vidole, na Kobe hali kadhalika. Sote tunawashwa. Lakini sisi wengine hatulii. Yeye usiku anageuka na kugeuka, na godoro lake ni la nailoni, linapiga kelele kama mtu anayekunja mfuko.

"Ngozi ya bibi harusi hiyo," nikamtania.

"Shemeji, hii si ya kutania."

"Paka mafuta ulale."

Machi 25

Mvua. Radi imekata umeme, mkanda ukasimama, tukakaa juu ya makreti tukisimuliana. Kobe akasema Pua ana mume aliyemkimbia kwa sababu alikuwa anamnusa akirudi nyumbani. Tulicheka mno. Shemeji naye alicheka. Ilikuwa siku nzuri.

Machi 28

Shemeji alimwomba Mjomba ahamie upakiaji, ambako hawanawi dawa. Mjomba akamgusa bega. "Mpwa wangu, upakiaji kumejaa. Na wewe una mkono mwepesi wa kisu, nani atakubali kukupoteza?" Shemeji alirudi ananiambia maneno hayo kama ameahidiwa kitu. Mimi nikaona Mjomba amemheshimu.

Nilipokuwa peke yangu na Mjomba akaniambia, "Mwambie shemeji yako avumilie. Msimu ujao nataka watu wasiolalamika." Nikamfikishia shemeji maneno hayo. Tena nikayaongezea chumvi.

Aprili 1

Mke wangu amepiga. Akauliza, "Mdogo wangu anaendeleaje?" Nikasema anadeka. Akacheka, "Huyo hata akiumwa na mbu huita ukoo." Tukacheka wote wawili. Shemeji alikuwa amelala pale pale, amejifunika uso.

Aprili 3

Mvua. Nimemwona shemeji akinawa mikono kwa maji ya mtungi mara tu tulipoingia chumbani, bila hata kuvua mabuti, anasugua kama anayeondoa rangi. Vipele vimempanda mpaka shingoni. Asubuhi vinakuwa vimelala, akinawa dawa vinaamka. Nilimwuliza koo linamsumbua nini, maana anakohoakohoa. Akasema halimsumbui.

Sikumtania leo.

Aprili 4

Mvua. Mikono, mlango, pua, mkanda. Mikono, mlango, pua, mkanda.

Aprili 8

Kisu kimemteleza shemeji kikamkata kwenye shina la kidole gumba. Si sana, lakini nyama imefunguka. Alifungwa kitambaa, akamaliza zamu akitoa macho ya nanasi kwa mkono mmoja. Mjomba akasema, "Mnaona? Huyu ndiye mwanamume." Nikasikia fahari. Naandika kama ilivyokuwa.

Aprili 9

Leo nitaandika mpaka niishe.

Asubuhi shemeji alinawa mkono mmoja tu, ule mwingine una kitambaa. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kofia yake ya wavu iko mbele ya pua yangu. Alipofika kwa Pua akanyoosha yote miwili. Pua akainama kwenye ule wa kitambaa, akakaa hapo muda, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, "Hapo usitie, mwanangu. Pita."

Mjomba alikuwa amesimama upande wa ndani. "Umenusa?"

"Nimenusa."

"Inanuka?"

"Inanuka," akasema Pua.

Mjomba akaja mwenyewe, akaushika mkono wa shemeji, akaunusa. "Hainuki chochote isipokuwa damu. Mpwa wangu, kitambaa kichafu kwenye chakula cha watu? Rudi ukavue hicho, unawe kama wenzako, uvae glavu mbili."

Pua akasema, "Kuna kidonda. Yule bwana alikataza."

"Wewe kazi yako ni pua, si mdomo."

Watu nyuma walikuwa wanasukuma. Kengele ya mkanda ikalia. Shemeji akageuka akanitazama. Alinitazama kama mtu anayeuliza njia. Nami nikamwambia, "Fanya haraka, shemeji, mkanda unaanza."

Akaenda. Mjomba akamsimamia kwenye sinki. Nilisikia pampu ya sabuni ikibonyezwa, na tena, na tena.

Tulisimama kwenye mkanda ubavu kwa ubavu. Nanasi la kwanza sikumbuki, la pili sikumbuki. Nakumbuka akisema, "Viganja vinawaka." Nikasema vya nani haviwaki. Kisha akasema midomo inamwasha. Nilipomtazama, sikumjua. Midomo ilikuwa imetuna, macho yamekuwa mistari, shingo imejaa mabaka yanayotembea. Alitaka kusema jina langu ikatoka sauti ya mtu mwingine, nyembamba, ya filimbi. Akashika ukingo wa mkanda, mkanda ukamvuta, akaanguka juu ya mananasi.

Kobe ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu. Mimi nilikuwa nimesimama na kisu mkononi.

Tulimlaza kwenye kitoroli cha makreti tukakimbia nacho uwanjani kwenye mvua. Dereva wa lori la mananasi alikuwa bado hajashusha mzigo, akasema pandisheni. Nikakaa nyuma juu ya mananasi, nimempakata shemeji, nimemfunika aproni. Kila pumzi aliyovuta ilikuwa inapitia tundu la sindano. Nilimvua zile glavu nikamwoshea mikono kwa mvua. Ndiyo mara ya kwanza mikono ile inasuuzwa kwa maji mengi wakati wa zamu.

Mjomba alikaa mbele na dereva. Tulipofika hospitali, kabla hatujamshusha, alinishika kola. Si bega, kola. "Sikiliza. Ukiulizwa, alikula kitu. Samaki. Wakisikia sabuni watakuja wakaguzi, watafunga katikati ya msimu, na watu wote wale watajua ni wewe uliyewarudisha makwao. Umenielewa, mpwa wangu?"

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mikono myepesi. Alimpiga shemeji sindano ya paja kupitia juu ya suruali, hakuuliza kwanza. Wakamvalisha barakoa ya hewa. Tukasubiri. Ile filimbi ikaanza kushuka, ikawa kama mtu anayekoroma, ikawa pumzi.

Ndipo akatugeukia. "Imeanzaje? Amekula nini? Ameumwa na mdudu?"

"Samaki," akasema Mjomba.

Akanitazama mimi. "Samaki?"

"Samaki," nikasema.

"Ana aleji na dawa yoyote? Ya kunywa, ya sindano, ya kupaka, yoyote ile?"

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kandambili. Mjomba alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba nasikia koti lake likidondosha maji.

"Hana," nikasema.

Mjomba akatoka kwenda kupiga simu kiwandani. Muuguzi akarudi na sinia, akasema anataka kumwekea dripu. Akamkunja shemeji mkono wa shati, akachukua pamba, akafungua kichupa, akageuza. Pamba ikawa ya waridi. Halafu harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya mlangoni.

Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mwanamke nisiyemjua namna ile.

"We! Niache!"

"Si samaki," nikasema. "Si samaki, dada. Ni hiyo. Hiyo hiyo. Ndiyo tunayonawa kiwandani. Ana kidonda, wameitia kwenye kidonda, hatuisuuzi. Na akiwa mdogo ilimvimbisha, aliniambia mwenyewe, najua toka siku ya kwanza."

Hakupiga kelele. Aliitupa ile pamba, akavua glavu, akanawa, akavaa nyingine, akamwita mwenzake alete kitu kingine cha kupangusia. Mambo yote yale bila kunitazama. Alipomaliza ndipo akanitazama.

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuuliza kwa Kiswahili."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Akasema, "Ningempangusa hapa, nikachoma palepale ikaingia kwenye damu, na hali yake ndiyo hii. Unajua mimi na wewe sasa hivi tungekuwa tunaongea nini?" Akaenda zake. Nilimwona mlangoni akisimama kidogo, ameegemea fremu, mkono kifuani.

Aprili 10

Anapumua mwenyewe. Uso bado umejaa.

Aprili 11

Nilikwenda kiwandani kumtafuta Mjomba. Muuguzi amekwisha toa taarifa, na watu wawili wa afya wamekuja na kuondoka. Kiwanda hakikufungwa. Hakuna aliyerudishwa kwao. Walichofanya ni kututoa wote uwanjani na meneja akasimama juu ya kreti akasema kampuni inasikitika, lakini mafunzo yalitolewa, na kila mtu aliulizwa mbele ya wenzake kama ana tatizo na dawa hii, na mhusika hakunyoosha mkono. "Mliambiwa," akasema. "Au hamkuambiwa?"

Watu wakajibu kwa sauti ya kwaya, "Tuliambiwa."

Na kweli tuliambiwa. Hilo ndilo linaloniuma. Kila kitu tuliambiwa. Kisha wakatuwekea mlangoni mtu wa kuhakikisha hatukifanyi.

Mjomba aliniona nikielekea kwenye foleni. Hakunigusa popote. "Pumzika kwanza," akasema. "Tutakuita."

Aprili 12

Mvua imekata. Pua amekuja chumbani.

Nilimkuta amesimama karakanani, fundi wa kuchomelea kamwelekeza. Bila aproni yake ya kazini alionekana mdogo, mwanamke tu kama dada yangu mkubwa. Alileta maziwa ya mgonjwa kwenye chupa. Nikamkaribisha akakaa kwenye ndoo.

"Nimeachishwa," akasema.

"Kwa nini wewe?"

"Wanasema niliwafanya watu wasisuuze."

"Si uongo," nikasema. Nilikuwa bado na hasira naye, au nilitaka kuwa na hasira na mtu.

"Si uongo," akakubali. Akaitazama ile chupa ya maziwa. "Ndugu yangu, nikwambie kitu? Mimi sisikii harufu."

"Harufu gani?"

"Yoyote. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nasikia. Ukishinda unavuta dawa ile kutwa nzima, pua inakufa. Mvua zilipoanza sikuwa nasikia hata kitunguu kikiungua."

Sikumwelewa mara moja. "Lakini ulikuwa unaturudisha."

"Nilikuwa nainama tu. Nikiwapitisha wote Mjomba angejua, angemweka mwingine. Kwa hiyo narudisha wawili watatu."

"Unawachaguaje?"

"Kwa sura. Wale wanaoonekana wana nguvu ya kurudi foleni." Akanipima kwa macho. "Wewe nilikurudisha sana pua ilipokufa, eh?"

Nilianza kucheka nikashindwa kuendelea. Ukumbi mzima wa watu, tumejipaka dawa hadi kwenye viwiko, tumekaushia sumu kwenye ngozi zetu mwezi mzima, kwa ajili ya pua iliyokufa. Tungeweza kusuuza. Kila siku tungeweza kusuuza. Yeye aliogopa kusema hasikii, shemeji aliogopa kusema anavimba, mimi niliogopa kusema kwa niaba yake. Na Mjomba ambaye hakuogopa kitu ndiye aliyebaki kazini.

"Siku ile kwa shemeji ulisema inanuka," nikamwambia.

"Niliona damu kwenye kitambaa. Damu haihitaji pua."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikuwahi kumwuliza anaitwa nani, na leo pia sikumwuliza. Nilimwita mama, naye akaitikia.

Aprili 14

Shemeji ameruhusiwa. Muuguzi amempa kadi ya kuweka mfukoni yenye jina la ile dawa, akamkalisha, akamsomesha kama mtoto wa darasa la kwanza: kila hospitali, kila zahanati, hata duka la dawa, kabla hujaguswa, sema. Ukizimia, kadi iseme. Sabuni za dawa, dawa za kusukutua, vyote muulize muuzaji ndani mna nini. Shemeji alikuwa anaitikia, "Ndiyo dada, ndiyo dada."

"Na anayeishi nawe ajue pia," muuguzi akasema, bila kugeuza kichwa upande wangu.

Tumetembea mpaka chumbani polepole. Ngozi inamtoka viganjani kwa vipande, chini kuna nyekundu mpya. Hakulalamika hata mara moja njia nzima. Ningetoa chochote alalamike.

Aprili 15

Tumefunga mizigo. Basi ni kesho.

Mchana nilikaa nje kwenye kizingiti, mlango wazi nyuma yangu, fundi wa kuchomelea amezima mashine yake anakula. Ndani shemeji alikuwa anaongea na dada yake kwa simu yangu. Sauti yake bado ina mikwaruzo.

"Hapana dada, ni tumbo tu na kuvimba kidogo... Samaki. Eh, samaki. Nilikula samaki... Hapana, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Alinibeba mwenyewe. Kama si yeye ningekuwa maiti, wallahi."

Nilidhani shemeji hakuujua uongo ule. Sijui aliusikia wapi. Labda barakoa ilikuwa mdomoni, masikio yalikuwa wazi. Kama aliwasikia wakisema samaki, basi alinisikia na mimi. Akasikia na nilivyojibu kuhusu dawa, kwamba hana aleji.

Akatoka nje akaninyooshea simu. Hakunitazama. "Dada anataka kukushukuru," akasema, akakaa upande wa pili wa kizingiti, mikono yake mibichi juu ya magoti.

Nikaiweka simu sikioni. Mke wangu alikuwa analia na kucheka pamoja, ananiita baba watoto, anasema Mungu akupe, nilijua nimemkabidhi mtu.

"Haikuwa samaki," nikasema.

"Eh?"

Nikamwambia. Nilianzia na sabuni, nikaenda mpaka kwenye pamba. Sikuruka kidole cha mguu, sikuruka kengele ya mkanda. Shemeji alinitolea macho, akanitikisia kichwa niache, nikaendelea. Nilipomaliza nikasikia upande ule kuku wetu na mlango wa jikoni ukipigwa na upepo.

Kisha akauliza polepole, bila kulia tena, "Wakati wanamtia dawa kwenye kidonda, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa karibu naye," nikasema. "Nilikuwa karibu naye kabisa."